Neno "Grievous" na Mkono wa Shangazi

Bwana Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu, maana, asema, wanafunzi wa siku hizi hufikiri kwamba mtu akijua Kiingereza na lugha ya kwao basi amekwisha kuwa mkalimani. Mimi nami nalifikiri hivyo nilipokuwa kidato cha pili katika shule yetu hii. Sasa nimefanya kazi ya kufasiri maneno kortini kwa miaka mingi, na kama ningeulizwa ni neno gani la Kiingereza lililonitaabisha kuliko yote, nisingetaja yale marefu ya mawakili. Ningetaja neno ambalo kila mmoja wenu amelisoma darasani na kudhani amelijua. Neno lenyewe ni grievous.

Nilijifunza neno hili mwaka 1989. Tulikuwa tukisoma mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Ndugu zangu mliousoma mtakumbuka hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari. Hapo neno hilo latumika juu ya kosa ambalo Kaizari alishutumiwa, kisha papo hapo latumika tena juu ya namna alivyolilipa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituuliza maana yake. Alipoona kimya akasema, "Latoka katika grief, huzuni. Basi grievous ni cha kuhuzunisha." Tukaandika katika madaftari yetu, cha kuhuzunisha, na mimi nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu, maana nalikuwa mtu wa kupenda maneno mapya. Nilitamani tu nipate mahali pa kulitumia.

Mahali nilipata, tena upesi.

Kwetu ni Dranya, upande wa Koboko. Wakati huo Koboko ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Arua. Haikuwa wilaya yenyewe mpaka mwaka 2005. Ni nchi ambayo Kikakwa na Kilugbara husikika pamoja, Kinubi na Kiswahili viko sokoni, na mtu akiamka mapema aweza kwenda kwa miguu mpaka Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Mtoto wa kwetu hukua akigeuza maneno toka lugha hii kwenda ile pasipo kujua kwamba anafanya kazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na shamba la muhogo lililopakana na la jirani. Lazima nieleze habari ya mpaka ule, kwa maana vijana wa leo hawakuona mambo hayo. Idi Amin alipinduliwa mwaka 1979. Mwezi wa Oktoba 1980 majeshi ya serikali mpya yaliingia West Nile, yakalipiza kisasi kwa watu wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Watu wakakimbia, mamia ya maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Waliobaki nyumbani, na wale waliorudi mapema, nao waliona yao: tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari hapo hapo misheni. Sisi tulikuwa tumevuka kwenda Zaire. Nalikuwa na miaka saba. Huko ng'ambo hatukuuawa kwa bunduki, tulikufa kwa surua na kuhara. Shangazi alizika watoto wawili, mvulana na msichana, katika muda wa majuma matatu, chini ya mti mmoja.

Tuliporudi mwaka 1986 nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu. Miti ya mipaka ilikuwa imekatwa kuni au kuungua kwa moto wa kiangazi, na wazee waliojua mti gani ni wa nani walikuwa wamekufa. Kwa hiyo kila aliyerudi alilima pale alipodhani baba yake alilima. Ugomvi wa mipaka ulikuwa kitu cha kila siku, na ugomvi wa shangazi na jirani yake haukuwa mbaya kuliko mwingine, mpaka asubuhi moja ya likizo yangu ya Agosti jirani alipomkuta aking'oa muhogo, wakatukanana, akainua panga. Shangazi akajikinga kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilikatika, cha mwisho na cha pete. Cha kati kilibaki, lakini hakikukunjika tena.

Mimi ndiye niliyempeleka kituo cha polisi baada ya kutoka hospitali. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa kusini, mpole, asiyejua lugha yetu hata moja. Kiswahili alikijua sana, maana Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Uganda tangu zamani, na kama tungaliendelea kwa Kiswahili yasingalitokea yaliyotokea. Lakini aliona shati langu la shule. Akafurahi kumpata mwanafunzi, akasema tutaandika maelezo kwa Kiingereza moja kwa moja, yeye atauliza na mimi nitafasiri. Nikavimba kichwa. Tukaenda vizuri: jina, kijiji, siku, saa, nani alikuwapo. Kisha akasema, "Muulize kama amepata grievous harm."

Wasomaji, moyo wangu uliruka kwa furaha. Neno langu hilo hapo! Nikamgeukia shangazi, nikamwuliza kwa Kilugbara kama jeraha hili limemletea candi.

Wasiojua Kilugbara nitawaeleza. Candi ni taabu, mateso, dhiki, na huzuni ya hayo yote pamoja. Ndilo neno nililolipata haraka kwa ajili ya huzuni. Tena ni neno linalotumika kuwapa watu majina: mvulana huitwa Candia na msichana huitwa Candiru, nanyi mnao darasani. Jina la shangazi yangu, ambalo sitalitaja, lilitoka katika neno hilo hilo. Basi mimi nilimwuliza mwanamke aliyeitwa kwa candi maisha yake yote kama kukatwa vidole kumemletea candi.

Alinitazama kwanza, kama mtu anayepima kama mtoto huyu ana akili. Kisha akajibu polepole kwamba la, mkono utapona. Candi yake si mkono, candi yake ni wale wawili aliowaacha Zaire.

Nikamwambia askari, "Asema jeraha halikumletea grief. Grief yake ni ya watoto waliokufa Zaire." Askari aliandika nusu ya kwanza. Nusu ya pili alisema haihusiki. Shangazi akatia kidole gumba cha kushoto, kwa kuwa cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, tukaenda zetu.

Kesi ilisikilizwa Arua baada ya miezi mingi. Nilipewa ruhusa shuleni kumsindikiza shangazi, nikakaa nyuma kwenye benchi. Mshtakiwa alikuwa na wakili, kijana mwenye suti, na wakili yule akasimama na karatasi mkononi, akasoma maneno yangu mimi: kwamba mlalamikaji mwenyewe amekiri mbele ya polisi kuwa jeraha halikumhuzunisha. Basi, akasema, tuko hapa kwa sababu gani? Watu wakacheka. Shangazi hakujua wanacheka nini, naye akatabasamu kwa adabu, akifikiri kumetokea jambo la kupendeza. Picha hiyo, ya tabasamu lake, ndiyo iliyonifanya niwe mkalimani, wala si kupenda maneno.

Hakimu hakucheka. Aliomba fomu ya daktari. Ninyi mtakaofanya kazi ya udaktari mtaijua karatasi hiyo, Fomu ya Polisi Namba 3: daktari humkagua mtu aliyeumizwa, kisha hutia alama kuonyesha kama ni dhara tu, au dhara la hatari, au lile la tatu, grievous harm. Daktari alikuwa ametia alama mahali pa tatu. Hakimu akafungua kitabu cha sheria akamsomea wakili, na mkalimani wa korti, mzee mmoja aliyekuwa askari wa K.A.R. zamani za ujana wake, akayageuza kwa Kilugbara kwa sauti ya chini ili shangazi asikie.

Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilianza kutumika tarehe 15 Juni 1930, nayo huyaeleza maneno yale mawili pasipo kutaja huzuni hata mara moja. Dhara la namna hiyo, yasema, ni lile linalomtia mtu kilema, au lililo la hatari, au linaloharibu afya vibaya au kwa siku zote, au linaloelekea kuiharibu hivyo, au linalomwachia mtu umbo baya lisiloondoka, au linaloleta hasara ya daima au kubwa kwa kiungo chochote, cha nje au cha ndani, au kwa utando, au kwa mlango wa fahamu. Ni hayo tu. Kiungo, utando, fahamu, afya, umbo. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 7. Sheria ya Tanzania yatumia maneno karibu yale yale na miaka ile ile. Ya Kenya yatumia maneno yale yale, lakini huko mtu aweza kufungwa maisha. Wakoloni walitugawia kitabu kimoja wakabadili bei.

Nilimsikiliza mzee yule. Hakulitaja neno candi. Alisema kitu kama hiki: kidonda kikubwa, kisichokwisha hata ngozi ikifunga. Shangazi akaitika, akainua mkono wake akauonyesha kwa hakimu pasipo kuulizwa. Swali lile lile ambalo mimi nalimwuliza akalijibu la, sasa alilijibu ndiyo.

Nje, chini ya mwembe, nilimfuata mzee nikamwambia ni mimi niliyefasiri polisi. Hakunigombeza. Aliniuliza nani alinifundisha maana ya neno lile, nikasema shuleni. Akasema, "Kijana, hapa hatuulizi moyo. Hapa twauliza nyama." Kisha akaniomba sigara, nami sikuwa nayo.

Jirani alifungwa miaka miwili. Shangazi hakufurahi sana, maana mke wa jirani alibaki na watoto watano na hakuna mwanamume wa kulima, na mwaka ule ule mke huyo akaja kuomba mbegu za muhogo kwetu, akapewa. Na mpaka wenyewe korti haikuugusa. Wazee waliuweka baadaye, wakapanda miti mipya, na miti hiyo imekuwa mikubwa.

Nilipoanza kazi niliazimia kulifuata neno lile mpaka kwao. Katika maktaba ya shule ilikuwapo kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya Johnson, ile iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, lakini kamusi humpa mtu maneno ya upande wa pili wa mto, haimwonyeshi mto. Nilitafuta vitabu vingine, nikaona hivi.

Kiingereza kililipokea neno hili kutoka Kifaransa cha zamani, na Kifaransa kililitoa katika Kilatini, gravis. Na gravis maana yake si huzuni wala si jeraha. Maana yake ni -zito. Kumlemea mtu, kumtwika mzigo, ndiko kulikozaa grief. Kwanza lilikuwa jina la taabu yoyote iliyomkalia mtu juu, pamoja na ugonjwa na jeraha. Baadaye likagawanyika kama ndugu waliogawana shamba: grief ikabaki nyumbani na wenye kufiwa, grievous ikaenda kortini, na grievance, manung'uniko, ikaenda ofisini kwa vyama vya wafanyakazi. Wengi hudhani kuwa grave, kaburi, ni wa ukoo huo pia. Siye. Kaburi hilo ni neno la Waingereza wenyewe la zamani, latoka katika kuchimba. Lakini grave nyingine, ile sifa ya jambo lililo kubwa na la hatari, ni nduguye hasa, pamoja na gravity, nguvu iangushayo embe chini.

Siku nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu. Kwa maana Kiswahili kilikuwa na jambo hili siku zote, nasi hatukuliona. Mtu aliyefikwa na mabaya, twasema amefikwa na mazito. Twasema msiba mzito, maneno mazito, jeraha zito. Tena Kilatini kilimwita mwanamke mwenye mimba gravida, nasi twamwita mja mzito, wala hakuna aliyemwiga mwenziwe. Ni mwili wa binadamu uliowafundisha wote wawili.

Wengine husema Kiswahili ni maskini wa maneno ya moyo. Huo ni uvivu. Huzuni hukaa ndani ya mtu, na aweza kuificha. Majonzi na simanzi huonekana usoni. Msiba si hali ya moyo hata kidogo, ni jambo lenyewe lililotokea, tena ni mahali: mtu hupatwa na msiba, huenda msibani, hutoka msibani. Mtu aweza kukaa msibani siku tatu asiwe na huzuni yoyote, akingoja chakula, na kila mtu amjua. Na kuna uchungu. Uchungu ni wa dawa ulimini, wa kidonda, wa mwanamke anayezaa, na wa aliyefiwa. Nimepima maneno yote, na naona uchungu ndio unaokaribia grief ya zamani kuliko mengine, ile ya kabla ya kugawanyika. Kama askari yule angaliniambia nimwulize shangazi juu ya uchungu, angalijibu ndiyo kwa mkono na ndiyo kwa watoto, nasi tungalihitaji karatasi mbili.

Waingereza wenyewe hawaliheshimu neno lao siku zote. Gari likianguka mtaroni husema limefika kwenye grief. Mke akimsumbua mumewe kwa maneno, husema anampa grief. Katika zile katuni za Peanuts, ambazo Charles Schulz alianza kuzichora mwaka 1950, mtoto akishangaa husema "grief njema", na usiniulize huzuni njema ni ipi. Haya nayaandika ili mtahini asije akawanasa.

Majaji wao ndio walioona taabu zaidi. Sheria yao ya mwaka 1861 juu ya makosa ya kudhuru watu yatumia grievous pasipo kulieleza. Mwaka 1960 kesi moja ilifika House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa korti ya juu kabisa ya Uingereza. Mtu mmoja aitwaye Smith alikuwa na mali ya wizi ndani ya gari; askari akaning'inia garini kumzuia, akaendesha kwa nguvu mpaka askari akaanguka mbele ya magari mengine akafa. Majaji wakasema neno lile lisitafutiwe mambo ya ajabu: maana yake ni kubwa kweli kweli, hakuna zaidi wala pungufu. Hivyo huzuni ikatolewa nje kabisa.

Walakini haikukaa nje. Mwaka 1997 ilirudi kwa mlango wa nyuma. Mtu mwingine, Burstow, alikuwa amekataliwa na mwanamke, akamwandama kwa miezi: kumpigia simu na kunyamaza, kumpelekea barua, kumvizia nyumbani. Hakumgusa hata kwa ukucha. Mwanamke akaugua ugonjwa mkubwa wa moyo kuvunjika, ule ambao madaktari wa akili wanautambua na kuutibu. Majaji wale wa juu wakasema huo nao ni dhara la mwili, na ukiwa mkubwa ni grievous. Lakini waliweka mpaka, na mpaka huo ndio nautaka muuone: ugonjwa waingia, hofu tu haiingii, huzuni tu haiingii. Mtu sharti awe ameugua, na daktari aseme. Anayehuzunika kwa afya nzuri hana kesi.

Sisemi majaji walikosea. Nimekaa kortini muda wa kutosha, nami najua kwamba kama huzuni ingekuwa dhara mbele ya sheria, nusu ya wilaya ingeishtaki nusu ya pili, na waliokufa wangeshtakiwa kwa kufa. Korti ina mizani ndogo, ya kupimia vidole. Ila naona ajabu kwamba neno walilolichagua kwa kazi hiyo ni lile lililokuwa na uzito wote ndani yake, wakalimwaga na kubakiza chombo.

Nirudi kwa majina. Mtaalamu mmoja Mwingereza, John Middleton, aliyekaa na Walugbara tangu 1949 mpaka 1952, aliandika mwaka 1961 katika jarida liitwalo Uganda Journal juu ya majina yetu. Aliona kwamba mengi sana hutaja mauti, umaskini, na chuki ya jirani au ya ndugu, na kwamba mara nyingi mama ndiye atoaye jina. Wageni wakiyafasiriwa hushtuka. Draru, kwa sababu ya mauti. Candiru, kwa sababu ya mateso. Yako ya furaha pia, kama Ayikoru, lakini yale mengine hayakosi katika orodha ya darasa lolote. Nilipokuwa mdogo naliona haya nayo. Sasa, baada ya kukaa kati ya hakimu na wenye kesi, nayaona kwa namna nyingine. Mama aliyefiwa, au aliyepigwa, au aliyesengenywa na ukoo wa mumewe, hana korti ya kulipeleka jambo lake. Basi huliweka mahali ambapo sharti litamkwe kila siku, na watu wote, pamoja na wale waliomkosea. Mwenye kosa akitaka kumwita mtoto aje ale, lazima aseme "Mateso, njoo." Hiyo ni hati ya mashtaka ambayo hakuna wakili awezaye kuipinga. Na karani wa korti ya Arua, siku ile, alisimama mlangoni akaliita jina la shangazi mara tatu kwa sauti kubwa, kisha wote wakaingia ndani kumwuliza kama amepata madhara.

Kazi yangu ya leo ni rahisi kuieleza. Neno lile likija, nalifasiri "dhara zito," na kwa Kilugbara na Kikakwa nasema kama alivyosema mzee yule, kidonda kisichokwisha. Shahidi akianza kusema habari za mtoto aliyekufa, au za vita, au za mume aliyepotea Sudan, na hakimu akinitazama kwa haraka, nafasiri yote. Hakimu aweza kusema haihusiki, hiyo ni haki yake. Mimi si askari wa kituo, sina nusu ya pili ya kuacha. Nimeonywa mara mbili kwa kuchelewesha korti.

Jioni ile ya hukumu tulipanda lori la tumbaku kurudi Koboko, tukashuka njia panda, tukaanza kutembea kwenda Dranya. Shangazi alikuwa amenunua chumvi na sabuni Arua, na njiani mtu wa ukoo wetu akampa muhogo wa kutosha kufunga mzigo. Tulikwenda kitambo kirefu pasipo kusema. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi, wale wakubwa walisema nini juu ya watoto. Nikajaribu kukumbuka kila neno la hakimu. Nikamwambia hawakusema kitu.

Akasema, "Haya." Akajaribu kuikaza kamba ya mzigo, mkono ukashindwa kushika, muhogo ukamwagika njiani. Tukauokota. Nikaufunga tena mimi, nikautia kichwani kwangu, naye akaenda mbele.